Mipira Myembamba ya Njia ya Kalima

Kabanga, mama yangu mudogo,

Umeenda na mama yako kuaga watu wa kwaya, na mimi nimebaki na nyumba, mvua ndogo juu ya mabati, na daftari langu la kazi. Nimepasua karatasi za katikati, zile ambazo hazijaguswa. Usicheke alama za vidole. Mafuta ya kazi hayatoki mikononi mwangu hata kwa majivu na ndimu, na wewe mwenyewe ulisema siku moja kwamba nikiiba kitu polisi hawatahangaika kunitafuta.

Kesho asubuhi unavuka muto na gari yako, unakamata njia ya Kalima, unaenda kuanza kazi ya uuguzi. Habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya vijana wa machimbo wenye maneno matamu, mama yako amezisema zote tangu juma lililopita, tena kwa sauti, mpaka kuku wa jirani wanazijua. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuambia habari ya mipira ya gari.

Ndiyo, mipira. Nakuona unavyokunja mudomo. "Papa na mipira yake!" Tangu ukiwa mutoto umenikuta nimeinama juu ya mupira wa muntu, nimetia mukono ndani natafuta musumari. Kindu nzima wananijua hivyo: Shambuyi kwado, mutengeneza mipira wa karibu na stesheni, muzee mukali, ukimuletea mupira munene umuvalishie kwenye chuma nyembamba ya gurudumu anakufukuza kama mwizi wa kuku. Wanasema nina wazimu kidogo. Waache waseme. Wewe soma tu mpaka mwisho, kisha ufanye unavyotaka.

Majuma mawili yaliyopita ulitoka Goma na mipira minne mipya, umeishusha kwenye ndege ya mizigo, mipana, myeusi, inanuka duka bado. Ulikuwa na furaha, na furaha yako inanipendeza kuliko chakula. Uliizunguka ile jip niliyokutengenezea kiangazi chote, ukaangalia mipira myembamba niliyoivalisha, ukapiga makofi: "Papa! Gari yako imesimama na miguu ya korongo!" Uwanja mzima ukacheka. Mimi pia nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kamba.

Wewe hukujua unasema nini. Neno hilo, miguu ya korongo, nililisikia mara ya kwanza kabla hujazaliwa, na kwa sababu ya neno hilo wewe leo huna pasa, pacha mwenzako. Siku ile nilirudi na kamba ambayo sikuihitaji, nikatoa mipira myembamba, nikavalisha ile yako, nikafunga nati zote. Ulifikiri nimekubali. Sikukubali, mama. Niliogopa. Kukukatalia kulitaka nikuambie sababu, na sababu nimeificha tangu ulipokuwa hujui kukaa.

Nianze na babu yako. Alitoka Kasai na kazi ya reli, na kazi ya reli njo aliyofia nayo hapa Kindu. Katika karakana alikuwa akipima magurudumu ya mabehewa, anapita na chuma yake ya kipimo, anagonga, anasikiliza. Nilikuwa nampelekea chakula. Siku moja aliniambia, mudomo umejaa muhogo: "Gurudumu ya treni haichague upana. Wazungu walichagua zamani, ikaisha. Lakini ya gari, muntu mwenyewe njo anachagua. Na kuchagua njo hatari." Nilidhani anaongea tu, wazee wa reli walikuwa na maneno.

Kisha vita ikaja, na treni ikaacha kuja. Wewe huwezi kujua muji wa treni unavyokuwa bila treni. Mwanzoni masikio yalikuwa yanaamka saa ile ya filimbi, yanangoja. Majani yakaota katikati ya reli. Mbuzi wakahamia ndani ya mabehewa. Asubuhi ukungu wa Lualaba ulikuwa unapanda pole pole mpaka stesheni, unakaa kwenye viti vya abiria, na ukipita hapo ungesema kuna watu wanangoja safari. Siku zilikuwa ndefu na hazikuwa na majina. Ninapokumbuka miaka ile, mara nyingi naiona bila sauti, watu wanatembea pole, hata risasi sizisikii.

Mipira ya gari ilikosekana kabisa. Mupira wako ukipasuka ulijaza majani makavu ndani, ukashindilia kwa muti, ukaendesha hivyo hivyo, gari inaruka kama chura. Mimi nilikuwa na bahati. Mufanyabiashara niliyemuendeshea alikimbia, akanitupia ufunguo: "Tunza gari, na wewe ujitunze." Ilikuwa jip kama hii yako, na mipira yake minne myembamba, imechoka lakini mizima. Nilipeleka chumvi na sabuni Kalima, nikarudi na muchele na mafuta ya mawese na watu waliokaa juu ya muchele na mafuta ya mawese.

Mama yako alikuwa na mimba, tumbo kubwa kupita miezi yake. Nikamupeleka kwao Kalima, kwa sababu huku risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati bila kupiga hodi. Na huko nilikutana na mashemeji. Mujomba wako Kikuni, huyu ambaye leo anakuletea ndizi na kukuita muke wake kwa utani, zamani hizo alikuwa na mudomo mubaya sana. Wao ni wenyeji. Mimi nilikuwa mutoto wa reli, muntu wa kuja, nisiye na kaburi la babu katika udongo wao. Aliizunguka gari yangu, mikono nyuma, akasema mbele ya wote: "Shemeji, gari yako iko na miguu ya korongo. Na mwenyewe vilevile." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilicheka nao. Lakini lile neno liliingia ndani, likatandika kitanda.

Sasa sikiliza ujinga wa baba yako. Nimerudi Kindu, nakutana na dereva mumoja wa wakubwa wa vita. Gari yake ina mipira mipana, mipya, meno yake bado yanauma ukiyashika. Ananiambia:

"Kaka, tubadilishane. Nipe ile yako myembamba."

"Hii iliyochoka?"

"Iyo iyo."

Kabanga, nilijiona mujanja kuliko Kindu nzima! Nilitaka kumaliza haraka kabla hajaamka usingizini. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini muntu mwenye akili timamu anatoa mipya anachukua iliyochoka. Yeye alikuwa ametoka Kalima juzi yake. Alikuwa amekwisha kuijua ile njia.

Muzee Sumaili njo aliyeivalisha. Alikuwa kwado wa zamani, pompe yake ya kujaza upepo ilikuwa pale pale ninapofanyia kazi mimi leo. Hakuwa muntu wa maneno mengi. Aliupima mupira kwa kiganja, akapima na janti, ile chuma ya duara inayoukamata, akatikisa kichwa.

"Mutoto, hii ni kiatu ya mukubwa kwa muguu ya mutoto. Janti yako iko nyembamba. Siku utapunguza upepo, mupira utatoka."

"Sitapunguza, Muzee."

"Na njia ya Kalima haitake mupira munene. Juu iko matope, chini iko udongo nguvu. Mwembamba unapasua matope, unaenda kukanyaga chini. Munene unabaki juu, unacheza."

"Muzee, hii ni mipya."

"Upya hauendeshe gari."

Nikamuambia: "Fanya kazi yako, Muzee." Ndivyo nilivyosema, kwa muntu aliyeweza kunizaa. Akafanya kazi yake. Alipomaliza alinawa mikono, akaniombea safari njema, na hakunikasirikia, jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Niliingia Kalima siku ya jua. Watoto walikimbia nyuma yangu, wanawake waliacha pilipili yao kwenye mikeka wakasimama kuangalia. Kikuni aliupiga mupira teke, akasema: "Eeh! Sasa umekuwa mwanaume." Nitakuambia kweli, katika maisha yangu sijajisikia vizuri kama siku hiyo. Mama yako peke yake njo aliyesikia. Nilimuzungusha kidogo, akanishika mukono: "Gari inapendeza. Lakini mbona inakwangua ukikata kona?" Mupira ulikuwa unagusa bati la juu ya gurudumu kila nilipopinda. Nikamuambia itazoea.

Itazoea! Muntu anamuambia muke wake kwamba chuma itazoea.

Halafu mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya nne, kabla ya alfajiri, mama yako akashikwa na uchungu. Mukunga alikuja, akapapasa tumbo, akaanza kutafuta maneno. "Wako wawili," akasema. "Wa kwanza amelala vibaya. Hapa sina kisu wala dawa. Mupeleke Kindu, kwa daktari, leo hii." Tukamulaza nyuma ya gari juu ya magunia ya muchele, bibi yako wa Kalima akakaa naye, akamuwekea kichwa mapajani. Jua lilikuwa linatoka kijani kati ya miti. Nilisema moyoni, saa sita tutakuwa tumefika.

Mwanzo wa njia ulikuwa kama ndoto nzuri. Musitu umenyamaza, maji yanadondoka majanini, gari inateleza pole. Hiyo njo hila ya mupira munene: unakuambia kila kitu ni laini. Tuliwapita wasukuma baiskeli, wale watu wa machimbo na magunia yao mazito, kila mumoja ameinama juu ya baiskeli yake kama anaiombea. Matairi yao membamba yalikuwa yanakata matope, yanafika chini, yanakwenda. Niliwapigia honi. Niliwapigia honi, Kabanga, wapishe.

Saa nne tukafika bondeni. Gari ikaanza kucheza. Nageuza usukani kulia, yenyewe inakwenda kushoto, pole, kama muntu asiyekusikia. Matope yakajaa kati ya mupira na bati mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Nikashuka na panga, nikayachokoa, tukaenda hatua ishirini, yakajaa tena. Nyuma nasikia mama yako anahesabu pumzi zake. Nikafikiri, nipunguze upepo, mupira ulale, upate kukamata. Nilipunguza. Nilikuwa nimeahidi sitapunguza. Gari ikateleza ubavu mpaka kwenye mufereji, mupira wa mbele ukatoka kwenye janti kama kiatu cha mukubwa, na mupira wa ndani ukabanwa, ukachanika. Nikavalisha wa akiba, niliopewa na dereva yule yule, nao ulikuwa munene vilevile, na ulitoka vilevile.

Wale niliowapigia honi wakatukuta hapo. Walikuja mumoja mumoja, wakasimama. Wangeweza kupita, nafasi ilikuwepo. Wakalaza baiskeli zao majanini, wakashusha magunia, wakaja kwenye gari. Mumoja wao, mufupi, mwenye kofia ya kusukwa, aliangalia magurudumu kisha akaniangalia mimi.

"Dereva, nani alikuvalisha hii? Adui yako?"

Niliinama nikaokota panga.

Wakanyanyua gari kwa mikono. Tukajaza majani ndani ya mupira, na mupira munene unakula majani mara mbili, tuliyakata mpaka mikono ikatoka damu. Tulikuwa tunakata hivyo, saa nane ya muchana, nilipomusikia bibi yako anaita jina la Mungu kwa Kirega, lugha ya kwao. Mbuyi, pasa wako, alitangulia, miguu mbele. Alikaa sana mulangoni. Alipotoka alikuwa wa rangi ya majivu, lakini alipumua, nilimuona mimi mwenyewe anapumua. Wewe ulifuata mara moja, ukilia, una hasira, na hasira hiyo hujaiacha mpaka leo. Wale wasukuma baiskeli walivua kofia. Yule mufupi alitoa shati lake, akalipasua vipande viwili vilivyo sawa, akasema: "Mapasa wanapewa sawa." Hicho kipande chako mama yako anacho ndani ya sanduku, sasa unajua kimetoka wapi.

Tulifika mutoni jua linazama, gari inaruka kama chura. Kivuko kilikuwa kimelala upande wa pili, hakina mafuta. Tukapanda mutumbwi. Maji yalikuwa yametulia kabisa baada ya mvua, rangi ya chai ya maziwa, na muji ng'ambo ulikuwa hauna taa hata moja. Mama yako aliwafunga nyote wawili katika kitenge kimoja. Mupiga kasia alikuwa anapiga pole, asituamshe, ndivyo nilivyofikiri, kama kwamba sisi tulikuwa tumelala. Katikati ya muto mama yako aliniangalia. Alivuta kitenge kikamufunika Mbuyi uso, wewe akakuachia wazi.

Daktari alikuwa muntu mupole, amechoka. Alimupima Mbuyi, akamurudisha mikononi mwangu, akasema bila ubaya: "Mungelifika muchana, wote wawili wangelikuwa wanalia sasa." Nilimubeba mimi. Mama yangu muzazi, Mukasai wa kweli, aliona uso wangu, akaniziba mudomo kwa mukono: "Mapasa hayaliliwi. Ukilia, huyu mwingine atamufuata." Basi sikulia. Niliogopa utamufuata. Na desturi yetu inamuita mwenye mapasa kwa jina la aliyetangulia, kwa hiyo nikawa Shambuyi, baba ya Mbuyi. Kila asubuhi tangu siku ile watu wananisalimu kwa jina la mutoto niliyemuchelewesha. Shambuyi, umeamkaje? Nimeamka, nashukuru.

Wewe ulikua na sahani mbili, yako na ya Mbuyi, ndala jozi mbili, nguo mbili za Noeli, ya pili unampa mutoto wa jirani. Ulipouliza Mbuyi alikufa na nini, tulikuambia vita njo ilimuchukua. Si uongo mutupu. Bila vita kungekuwa na daktari Kalima, treni ingekuwa inakuja, mipira ingeuzwa dukani. Lakini vita haikunivalisha mipira ile. Muzee Sumaili alinionya, nami nilikuwa na masikio mawili mazima. Pengine na myembamba tungekwama pia. Nimeona myembamba ikikwama, sitakudanganya. Pengine Mbuyi angekufa palepale Kalima. Nimejitetea na kujishitaki mara nyingi nikiwa nimeinama juu ya mipira ya watu, na kesi haiishi, kwa sababu sitajua kamwe. Hilo njo linalochosha.

Mama yako hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa ndani ya ile gari, alisikia kila kitu, alisikia hata "itazoea". Juma moja baadaye aliuliza tu: "Ile mipira iko wapi?" Nikaenda kuichukua upande wa pili wa muto, nilikoacha gari. Niliikata yote mitano kwa kisu, siku mbili nzima, nikatoa kamba ndefu za kufungia muzigo, nikakaa njiani nikawagawia wasukuma baiskeli. Yule mwenye kofia ya kusukwa sikumuona tena. Halafu nikaenda kwa Muzee Sumaili, nikamuomba anifundishe kazi. Alinipa pompe.

Sina chuki na mupira munene, usinielewe vibaya. Kwenye lami ya Lubumbashi, ama kwenye muchanga mukavu, unabeba gari vizuri, na ungekuwa unaenda huko ningekuvalisha nikipiga muluzi. Ila mupira hauchaguliwi kwa macho ya watu waliosimama kando ya njia. Uulize njia yenyewe. Uulize janti, na nafasi iliyo chini ya bati, na yule aliyelala nyuma. Jana ulipokuwa sokoni niliipima yako na yangu. Yako ubavuni imeandikwa 285, ndio upana wake kwa milimita, kutoka bega mpaka bega. Yangu imeandikwa 7.50 kwa namna ya zamani, inchi saba na nusu, kama sentimita kumi na tisa. Nikaweka mukono katikati ya alama mbili za chaki. Tofauti yake ni kiganja changu kimoja, bila kidole gumba. Nilipomubeba Mbuyi kutoka kwa daktari, mugongo wake wote uliingia kwenye kiganja hiki.

Kuna ndoto ninayoota wakati wa mvua. Naendesha ile njia na ni kavu, gari haina sauti, majani ya pande zote mbili yanainama kutupisha. Nyuma kuna watoto wawili wanagombania dirisha. Nakujua wewe kwa sauti. Yeye simujui sauti, kwa hiyo katika ndoto ananong'ona tu, na kila nikitaka kugeuka nimuone, naogopa kuacha njia. Nikiamka mama yako anajua. Ananipa maji.

Sasa, mipira yangu myembamba minne iko ukutani mwa jikoni. Nimeiosha. Nimeipiga upepo. Kriki ya kunyanyulia gari iko chini ya kiti, na ufunguo wa nati juu yake. Leo nimetoka mara tatu na ule ufunguo mukononi, nikabadilishe wewe ukiwa kanisani, na mara tatu nimerudi. Gari ni yako, njia ni yako. Na najua kitu kimoja: Sumaili angenikatalia, ningekwenda kwa kwado mwingine. Lazima muntu aitoe mwenyewe.

Ukiondoka na ile minene, nitakupungia mukono vilevile, nitakuombea vilevile, sitanuna hata siku moja. Wewe ni mwanangu, si mupira. Lakini huko unakokwenda, ile gari njo itakayobeba wagonjwa. Kuna mwanamuke fulani, simujui, labda kwa sasa analima muhogo wake na hajui hata kwamba ana mimba. Siku ya mvua atalala nyuma yako, na atasikia kila kitu, kama mama yako alivyosikia.

Na jambo la mwisho, kisha nikaweke maji motoni kwa maana nasikia nyimbo zenu zinakaribia. Leo, hapa mezani, nimemulilia Mbuyi. Nimelia kwa sauti, muzee muzima, mpaka mbwa akaja kuangalia. Usiogope. Umekuwa mukubwa, una kazi, una gari, hutamufuata tena. Nilikuwa nakungoja wewe ukue ili nipate kulia.

Kesho asubuhi nitakuwa jikoni na chai, vikombe vyako viwili kama kawaida. Sitatoka mapema. Ile kriki ni ya zamani, unajua inavyolia ukianza kuizungusha, inaamsha avenue nzima. Nikiisikia, nitakuja kukushikia taa.

Mimi baba yenu,
Shambuyi